Mshumaa wa Manukato: Harufu Hutoka Wapi?

Wanunuzi wa mishumaa ya manukato huuliza mara nyingi kwa nini mshumaa ulionukia sana dukani hupungua harufu ukishawashwa. Wataalamu hutofautisha harufu ya baridi, inayotoka kwenye nta iliyoganda, na harufu ya moto, inayoenea chumbani mshumaa unapowaka, na mbili hizo si lazima zilingane.

Kinachowaka hasa ni mvuke wa nta. Joto la mwali huyeyusha nta, nayo hupanda katikati ya nyuzi za utambi, hufika kileleni, hugeuka mvuke na kuungana na oksijeni. Michael Faraday, katika mihadhara yake kwa vijana jijini London mwaka 1860, aliusogeza moto kwenye mvuke wa mshumaa uliotoka kuzimwa, na mwali ukashuka wenyewe hadi kwenye utambi usioguswa.

Manukato yanayopanda pamoja na nta hiyo huteketea, kwa hiyo harufu hutoka hasa kwenye dimbwi, yaani nta iliyoyeyuka kuuzunguka utambi. Dimbwi hufanya kazi ya chetezo: anayefukiza udi huyaacha makaa yashike majivu kwanza, ili udi upate joto la taratibu na kuachilia harufu yake, maana ukitupwa kwenye makaa makali hushika moto, na nyumba ikajaa moshi wa kuni badala ya harufu ya udi. Vivyo hivyo, mwali wa mshumaa ni kaa lenye kazi ya kupasha tu, na manukato husalimika kadiri yanavyokaa mbali nao. Eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, huchemka kwenye nyuzijoto 254 hivi za Selsiasi, joto lisilofikiwa na dimbwi. Lakini kunukia hakungoji kuchemka, kwani molekuli zilizo juu kabisa huchoropoka moja moja, na joto likizidi kidogo, zinazochoropoka huongezeka sana.

Ndiyo maana upana wa dimbwi ni muhimu kuliko ukubwa wa mwali. Mshumaa unaozimwa mapema siku ya kwanza, kabla nta haijayeyuka hadi ukingoni, huelekea kuchimbika katikati, na manukato ya pembeni hubaki yamefungwa. Utambi mrefu nao huvuta nta nyingi kuliko oksijeni inavyoweza kuunguza, na kaboni inayosalia huwa masizi; hukatwa ubaki kama milimita 6 kabla ya kuwashwa tena.