Kamera ya mzee haijafa, ina njaa tu

"Usiache mbachao kwa msala upitao," walisema wahenga wetu. Maneno haya huyakumbuka kila nipitapo Mji wa Kale, Mombasa, nikaona kamera zilizowahi kulisha nyumba za watu zimepangwa mezani pamoja na mabirika ya shaba na saa zisizokwenda, zikingoja mgeni wa kuzinunua akazifanye pambo. Ukiuliza kwa nini zauzwa, jibu ni moja: "Betri yake haipatikani tena, mzee. Hiyo imekufa."

Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Betri ya asili ni kweli haipatikani, wala haitarudi. Ama kamera yenyewe, aghalabu i hai.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaani petu aliniletea Olympus OM-1 ya marehemu babake, aliyekuwa akipiga picha za harusi. Mchuuzi mmoja alikuwa amemtajia bei isiyotosha sahani mbili za pilau. "Ami," akaniambia, "nimeambiwa ni chuma chakavu." Niliishika, nikavuta mkono wa filamu, nikabonyeza. Shata ikalia "tak!" kama iliyotoka dukani jana. Kijana akastaajabu. Shata ya kamera ile huendeshwa na springi na magurudumu ya meno. Betri yake ni ya kupimia mwanga tu. Kilichokuwa kimekufa ni sindano ndogo ndani ya kioo cha kutazamia, nayo ilikufa kwa njaa.

Hapo ndipo nikaona haja ya kuandika makala haya, maana kijana yule si peke yake.

CHAKULA CHA ZAMANI

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Mmarekani Samuel Ruben alibuni betri ya zebaki akishirikiana na kampuni ya Mallory, ile ambayo baadaye ilileta jina la Duracell. Sifa yake kubwa ilikuwa uaminifu. Ilitoa volti 1.35 tangu siku ya kwanza hata karibu na siku ya mwisho, bila kupanda wala kushuka. Watengenezaji wa kamera wa miaka ya 1960 na 1970 waliipenda kwa sababu hiyo. Kipima mwanga kilichohitaji nguvu isiyobadilika kilipata nguvu isiyobadilika, bila ya mitambo mingine ya kuisawazisha. Iliyoenea zaidi ni PX625, kidonge chenye upana wa milimita 15.6. Ndiyo iliyokuwa ikitiwa katika OM-1, Rollei 35, na Canonet nyingi.

Lakini zebaki ni sumu. Mwaka 1956 huko Minamata, Japani, ilitangazwa rasmi kuwa watu wanaugua ugonjwa wa ajabu wa neva. Baadaye ikabainika kwamba kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, samaki wakaimeza, na watu wakala samaki. Sisi wa pwani, ambao kitoweo chetu ni samaki, hatuhitaji kufafanuliwa msiba huo. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vidonge vya zebaki mwaka 1996, nchi za Ulaya zikafuata, na mwaka 2013 mataifa yakapitisha Mkataba wa Minamata, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017. Basi asikudanganye mtu kuwa ana betri "mpya" ya zebaki. Ikiwa anayo, ni kuukuu, na huenda imekwisha nguvu ndani ya pakiti yake. Na ukiikuta ya zamani ndani ya kamera, usiitupe baharini wala kwenye taka zinazochomwa. Itie katika chupa yenye kifuniko, mbali na watoto, mpaka upate pa kuikabidhi.

IJUE KWANZA KAMERA YAKO

Kabla ya kutoa hata shilingi, fahamu ya kwako ni ya kundi lipi.

Kundi la kwanza halili betri kabisa. Olympus Trip 35 ni mfano mwema. Ule mduara wa vioo vidogo vidogo unaozunguka lenzi hugeuza mwanga kuwa umeme. Nimeona watu wakiitafuta mahali pa betri ya Trip 35 kwa bisibisi hata wakaiharibu. Hapana mahali hapo.

Kundi la pili ni kama OM-1 na Rollei 35. Betri ni ya kipima mwanga, na picha hupigika bila yake.

Kundi la tatu ni zile ambazo bila betri hazifanyi kitu, au hufanya kidogo. Canon AE-1 ya mwaka 1976 haifyatui bila betri, lakini yake ni ya volti 6 iitwayo 4LR44, nayo hutengenezwa hata leo. Yashica Electro 35 isiyo na betri hufyatua kwa kasi moja tu, ya sehemu moja ya 500 ya sekunde. Yake ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 5.6. Watu huitilia hiyo hiyo 4LR44, na kwa kuwa ni fupi na nyembamba, huizungushia karatasi ngumu na kujaza pengo kwa springi. Hufanya kazi vyema.

BADALI YAKE

Taabu hasa iko kwa wenye kamera za PX625. Ukienda kwa fundi wa saa atakupa kidonge cha LR44, kile cha vikokotoo na vitu vya kuchezea watoto. Hicho ni cha alkali. Huanza na volti 1.5 au zaidi kidogo, kisha hushuka kila siku, na kipimo chako hushuka nacho. Afadhali umwombe SR44, yenye umbo lile lile lakini ya fedha. Hiyo hutulia kwenye volti 1.55 mpaka karibu na kufa.

Utasema, tofauti ya volti 0.2 ni kitu gani? Ni kitu kikubwa. Kipima mwanga kilichozoea 1.35 kikipewa 1.55 hudhani jua ni kali kuliko lilivyo. Kitakuamuru uzibe mwanga, na picha zitatoka kiza, nyuso za watu zisionekane. Pentax Spotmatic, iliyotoka mwaka 1964, imesalimika na balaa hili kwa sababu saketi yake imeundwa isijali tofauti ya volti. Nyingi nyingine hazikusalimika.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni betri za hewa na zinki zinazotiwa katika vifaa vya masikio vya wasiosikia vizuri. Namba yake ni 675, na kibandiko chake ni cha buluu. Hutoa volti 1.4, karibu sana na ile ya zebaki, nayo hutulia. Ni nyembamba kuliko PX625, kwa hiyo huizungushia pete ya mpira ili isichezecheze, na kuangalia nisizibe vitundu vyake vya kuvutia hewa. Aibu yake ni kuwa ukishabandua kibandiko huanza kuisha hata kama huitumii. Hudumu wiki chache, pengine miezi miwili, na unyevunyevu wa pwani hauisaidii. Iulize kwenye maduka ya dawa na kliniki za masikio, wala si kwa wauza kamera.

Ya pili ni kikombe kidogo cha chuma chenye umbo la PX625, ambamo hutiwa kidonge kidogo cha fedha. Ndani yake mna dayodi inayopunguza nguvu ikaribie 1.35. Ni ghali, lakini hununuliwa mara moja. Angalia usiuziwe kikombe kitupu kisicho na dayodi, maana hicho hurekebisha umbo tu, si nguvu.

Na kabla ya kutia chochote, chungulia mahali pa betri. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe, chovya pamba katika siki kidogo, pangusa chuma taratibu, kisha kikaushe. Kamera nyingi zilizoambiwa zimekufa zilikuwa na uchafu huo tu.

MACHO YAKO NAYO NI KIPIMO

Ukikosa yote hayo, usikate tamaa. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni moja: jua likiwa limewaka na mbingu safi, weka lenzi kwenye 16, na kasi ya shata ilingane na namba ya filamu. Filamu ya 100, kasi ni sehemu moja ya 125. Kwenye mchanga mweupe wa ufuo, weka 22. Mawingu yakitanda, 8. Chini ya kivuli cha mwembe, 5.6. Kijana wangu amekwisha kuyahifadhi hayo kama alifu, be, te, na ile OM-1 haiuzi tena. Anangoja nduguye aozwe, ampige picha kwa kamera iliyompiga mama yao siku ya harusi yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuitoa kamera ya mzee wako kwa mchuuzi, fungua kifuniko chake, soma jina lake, ujue inakula nini. Nakuachia na ubeti huu:

Kamera ya enzi zile, haijafa imechoka,
Ipe badali ya kale, nguvu zipate kuwaka,
Usiuze ya wavyele, kwa bei ya takataka,
Jua lingali ni lile, picha zingali zatoka.