Kuziba, Kuungana na Kuona: Istilahi za Upasuaji wa Tundu la Makula

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoeleza tundu la makula, yaani uwazi unaotokea katikati ya retina, mahali panapotuwezesha kusoma na kutambua nyuso. Hoja yetu ni kwamba kitenzi kinachochaguliwa hubadili jambo ambalo mgonjwa analiridhia anapotia saini fomu ya upasuaji.

Neno tundu humpeleka msikilizaji kwenye nguo au paa: kitu kimetoka, pengo huzibwa kwa kiraka. (Makula nalo hukumbusha makulaji, lakini kosa hilo hurekebishwa upesi.) Ndani ya jicho hali ni tofauti. Mwaka 1988 Gass alieleza kwamba ute mzito unaolijaza jicho huivuta makula. Mwaka 1995 alifafanua kuwa seli zinazopokea mwanga kwa sehemu kubwa husogezwa kando, hazipotei. Ndipo upasuaji unapopata mantiki yake.

Mpasuaji huondoa ute huo, mara nyingi huambua utando mwembamba wa juu ya retina, kisha huingiza gesi. Gesi si kizibo, kwani hufyonzwa na mwili. Kingo ndizo zinazokaribiana, na seli za glia huziunganisha. Kwa hiyo tunapendelea kuungana badala ya kuzibwa.

Hata hivyo, kuungana si kuona. Kelly na Wendel, mwaka 1991, waliripoti macho 52: matundu yalifunga katika asilimia 58, na miongoni mwa hayo ni asilimia 73 tu yaliyoongeza mistari miwili au zaidi kwenye chati ya kupimia macho. Mbinu za leo hufunga matundu mengi zaidi, lakini tofauti hiyo haijaondoka. Tabaka la seli za mwanga hujipanga upya polepole, kwa miezi, na pengine kovu la glia hubaki katikati. Tundu linalozidi mikromita 400, au lililokaa muda mrefu, hutoa matumaini madogo zaidi.

Kauli kama “jicho litapona” huyafunika haya yote. Tunapendekeza fomu iseme: “Kingo za tundu zinatarajiwa kuungana, uwezo wako wa kuona unaweza kuongezeka, kubaki ulivyo au kupungua.” Ifuatie sentensi kuhusu mtoto wa jicho, ambaye hutokea mara nyingi baada ya upasuaji huu, na nyingine inayokataza kupanda ndege hadi gesi iishe, kwa sababu angani gesi hupanuka na kuongeza shinikizo ndani ya jicho.