Sikio Linalotembea: Kuchagua Mikisa ya Kidijitali Katika Vilima vya Gusii

Kutoka Keroka hadi Ogembo, na kutoka Nyansiongo hadi Tabaka, katika vilima vya Gusii nchini Kenya, ni nadra wiki kuisha bila spika kusimamishwa mahali. Jumamosi Waadventista wako ibadani, Jumapili ni zamu ya Wakatoliki na Wapentekoste, Agosti inakuja na makambi ya ibada, na siku yoyote ile kunaweza kuwa na mazishi bomani, waombolezaji wameketi kwenye mteremko na jenereta inanguruma nyuma ya jikoni. Kwa miaka mingi, katikati ya shughuli hizi zote palikuwa na meza pana ya vitufe: mikisa ya analogi. Ilivutiwa waya mnene kutoka jukwaani, na fundi alibaki palepale waya ulipoishia.

Meza hiyo sasa ina mshindani. Mwaka 2012 kampuni ya Mackie ilitoa DL1608, mikisa ya chaneli 16 iliyoendeshwa kwa iPad badala ya vitufe vya kusukuma kwa kidole. Baada yake zikaja nyingine zilizoundwa kukaa ndani ya raki ya kawaida ya inchi 19: XR18 ya Behringer na ndugu yake MR18 ya Midas, Ui24R ya Soundcraft, DL32R ya Mackie, na zile za Allen & Heath na PreSonus. Sanduku linakaa jukwaani karibu na waimbaji, na fundi anazunguka na tableti mkononi.

Makanisa, shule na vikundi vya muziki vinavyotaka kununua huanza kwa kulinganisha orodha za sifa na bei. Ninasihi waanze kwingine: na mahali chombo kitakapofanyia kazi. Vilima vya Gusii vina mvua nyingi, radi, paa za mabati, umeme unaokatika na ala ya muziki isiyofanana na gitaa. Mambo haya ndiyo yanayoamua mikisa ipi itafaa.

Kinachopita hewani

Wengi huhofu kwamba waifai ikikatika, sauti nayo itakatika. Sivyo. Sauti haipiti kwenye tableti kabisa. Inaingia kwenye sanduku kwa waya wa maikrofoni, inapimwa mara 48,000 kwa sekunde na kugeuzwa kuwa namba, inachakatwa, kisha inarudishwa kuwa umeme wa kwenda kwenye spika. Safari nzima huchukua takriban milisekunde moja, muda ambao sauti hewani husafiri kama sentimita 34 tu. Kinachopita hewani ni amri fupi: pandisha chaneli ya tatu, zima ya saba. Ukidondosha rimoti, televisheni haizimiki; hapa pia ni vivyo hivyo. Tableti ikiishiwa chaji, ibada inaendelea kwa mipangilio ya mwisho. Unachopoteza ni uwezo wa kubadilisha, na hilo si dogo iwapo spika imeanza kupiga yowe.

Faida kubwa ya chombo hiki inatokana na tabia ya sauti ndani ya jengo. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuchunguza ukumbi mmoja ambamo maneno ya mhadhiri hayakusikika vizuri. Kwa kuingiza na kutoa mito ya viti, alionyesha kwamba mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu vinavyomeza sauti. Mwili wa binadamu uliovaa nguo ni mmoja wa vitu hivyo. Kwa hiyo kanisa la matofali lenye sakafu ya saruji lililojaribiwa Ijumaa jioni likiwa tupu, si kanisa lilelile Jumamosi likiwa na watu mia tano. Mipangilio iliyopendeza jana huenda leo ikazima sauti za wanawake wa kwaya.

Tena, sauti haifiki kwa wote kwa wakati mmoja. Katika joto la nyuzi 20, ambalo ni la kawaida Kisii, inasafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Aliyeketi mita 34 kutoka jukwaani humsikia mhubiri baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ukimwekea spika ya pili karibu naye bila kuichelewesha, atasikia kila neno mara mbili. Uliza kama mikisa unayoitaka inaweza kuchelewesha sauti ya tundu moja la kutolea, kwa sababu kwenye makambi na mazishi spika za nyuma ni jambo la kila siku. Kisha tembea na tableti hadi safu ya mwisho, chini ya mti, hadi kwenye hema la wazee, urekebishe ukiwa pale wanaposikiliza.

Hesabu midomo, kisha hesabu masikio

Idadi ya chaneli ndiyo namba inayotangazwa zaidi, lakini iandike wewe mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani. Kwaya ya Kiadventista inayoimba bila ala haihitaji maikrofoni kwa kila mwimbaji. Maikrofoni nne zilizopangwa vizuri zinaweza kuwatosha watu arobaini, na kuna sababu ya kifizikia ya kutozidisha. Kila unapoongeza idadi ya maikrofoni zilizo wazi maradufu, unapoteza takriban desibeli 3 za nafasi uliyonayo kabla ya spika kupiga yowe. Kutoka maikrofoni moja hadi nane, umepoteza desibeli 9. Mvua ikianza kupiga mabati, kila maikrofoni iliyo wazi inaileta spikani. Dawa ni kusogeza maikrofoni karibu na mdomo na kuzima zisizotumika. Ukipunguza umbali kwa nusu, unapata hadi desibeli 6 bila kugusa kitufe chochote.

Kanisa lenye ngoma, kinanda, gitaa la besi na waimbaji watatu wa mbele litafika chaneli 16 upesi. XR18 ina matundu 16 ya maikrofoni na mengine mawili ya laini. DL32R ina 32. Lakini usisahau masikio. Kila mwanamuziki anayetaka kujisikia kwa namna yake anahitaji mchanganyiko wake wa monita. XR18 hutoa sita. Ikiwa mpiga kinanda, mpiga ngoma, mwongoza kwaya na waimbaji kila mmoja anadai wake, namba hiyo huisha kabla ya chaneli kuisha.

Halafu kuna obokano. Zeze hili kubwa la Abagusii lenye nyuzi nane lina sauti nzito, yenye mvumo unaokwaruza, na wataalamu wa muziki wamelifananisha na besi kubwa ya okestra. Mafundi wamezoea kuwasha kichujio kinachokata sauti za chini kwenye kila chaneli ya mwimbaji, mara nyingi karibu na hezi 80 au 100, ili kuondoa kishindo cha miguu na upepo. Kichujio hicho kikiachwa kwenye chaneli ya obokano, kinaweza kuondoa uzito wenyewe wa ala. Mwache mpigaji apige peke yake, sikiliza ule uzi mzito kuliko zote, ndipo uamue pa kukata. Ule mkwaruzo nao ni sehemu ya ala, usiusafishe kama kelele.

Hewa na umeme

Nikiulizwa nini hasa huangusha mikisa za aina hii, nitataja mtandao na umeme. Waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 ina njia tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Njia hizohizo hutumiwa na simu za waumini, ruta za majirani na vifaa vya Bluetooth. Isitoshe, miili ya watu imejaa maji, nayo maji humeza mawimbi haya. Ndiyo maana tableti iliyoshika mtandao vizuri ukumbi ukiwa mtupu hupoteza mawasiliano watu wanapoinuka kuimba.

Kwa hiyo usiitegemee waifai iliyomo ndani ya sanduku la chuma lililofichwa nyuma ya spika. Nunua ruta ya pembeni yenye gigahezi 5, iunganishe na mikisa kwa waya wa mtandao, na uisimamishe juu ya vichwa vya watu, ambapo tableti inaiona bila kizuizi. Haihitaji intaneti, hivyo hakuna bando la kulipia. Iwekee nenosiri imara ambalo vijana wa kwaya hawalijui. Kisha weka kompyuta ndogo kando ya jukwaa, iliyounganishwa kwa waya, kama njia ya akiba. Angalia pia namna mikisa inavyoendeshwa: nyingine hutaka programu maalumu, wakati Ui24R hufunguka kwenye kivinjari cha simu au kompyuta yoyote. Kwa kikundi chenye simu za kila aina, hilo ni jambo kubwa.

Umeme ukikatika, mikisa ya analogi huamka papo hapo umeme unaporudi. Ya kidijitali ni kompyuta: lazima ijiwashe upya, na ruta nayo, na tableti itafute mtandao. Hapo kuna kimya kirefu katikati ya mahubiri. UPS ndogo (betri ya akiba) inayobeba mikisa na ruta peke yake, bila spika, huondoa tatizo hilo, na baadhi hulainisha umeme wa jenereta unaopanda na kushuka.

Radi ni jambo zito zaidi. Waya mrefu wa shaba uliotandazwa uwanjani huweza kupokea msukumo wa umeme hata radi ikipiga mbali kidogo. Mikisa ya raki ina nafuu hapa, maana inakaa jukwaani na ule waya mnene wa hadi nyuma ya umati hauhitajiki tena. Hata hivyo, ngurumo zikikaribia, chomoa vyombo na usitishe shughuli. Hakuna ratiba inayozidi uhai wa anayeshika maikrofoni.

Kurekodi

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, upande wa pili wa mpaka wa kaunti ya Nyamira. Waimbaji na zeze waliingia pamoja kwenye rekodi moja, hivyo hakuna sauti iliyobaki peke yake ya kupandishwa au kushushwa. Mkusanyiko wake unatunzwa na Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika (ILAM) katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Mikisa ya raki inampa mwalimu wa kwaya wa Nyamira uwezo ambao Tracey hakuwa nao: kila maikrofoni kwenye faili yake, ibada ikiendelea. XR18 hupeleka chaneli 18 kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Ui24R yaweza kuandika hadi chaneli 22 moja kwa moja kwenye diski ya USB. Piga hesabu ya nafasi: chaneli 16 kwa biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 8.3 kwa saa. Ibada ya saa tatu ni kama gigabaiti 25, na flashi ya bei rahisi isiyoandika kwa kasi itashindwa katikati ya njia. Usisukume geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, hadi taa nyekundu, kwa kuwa sauti iliyokatwa kichwa kidijitali haiponi. Biti 24 zina nafasi ya kutosha, hivyo acha vilele viishe karibu na desibeli 12 chini ya kikomo.

Kwa sababu ya uwezo huu wa kurekodi, kati ya mikisa mbili zinazokutosha kwa matundu na monita, ningechukua ile inayorekodi chaneli zote, hata kama inapungukiwa na madoido ya mwangwi. Wapigaji wa obokano wanaolijua zeze hili kwa undani si wengi, na wengi wao ni wazee. Mwalike mmoja wao, mlipe kwa kazi yake, pata ridhaa yake, mpe maikrofoni ya ala na nyingine ya mdomo, urekodi. Andika kwenye faili jina lake, kijiji, wimbo na tarehe, kisha tunza nakala mbili katika majengo mawili tofauti, na ya tatu umpe mwenyewe.