Aliyechoka na aliyechoshwa si mmoja

MKULIMA wa viazi kutoka Molo anaposema sokoni Nakuru kwamba amechoka na madalali, hakuna anayemuuliza ana maana gani. Uso wake unaonekana, na kiganja anakipitisha kooni kuonyesha mambo yalipomfika. Lakini kauli iyo hiyo ikiandikwa kuwa kichwa cha habari, "Wakulima wa Molo wamechoka na madalali," uso na kiganja havipo tena. Msomaji makini ana haki ya kuuliza: je, ni wakulima peke yao waliochoka, au wamechoka wao pamoja na madalali?

Utata huo unaletwa na neno dogo "na". Likifuata kitenzi cha kutendwa, neno hilo humtaja mtenda, kama vile "ameumwa na nyoka" au "wameitwa na chifu". Likifuata kitenzi ambacho hakimo katika kauli hiyo, aghalabu huonyesha upamoja: "amekwenda na nduguye", "wamelala na njaa". Kitenzi "choka" ni cha kundi hili la pili. Hueleza hali ya mwili au ya akili, wala hakina nafasi ya mtu aliyeisababisha. Ili msababishi atajwe, ni lazima kwanza kiundwe kitenzi "chosha", kisha "choshwa". Ndipo sentensi inapokamilika: "Wakulima wa Molo wamechoshwa na madalali."

Huenda baadhi wakadai kwamba huo ni ukaidi wa walimu wa sarufi. Hebu tazama lumbesa, yaani lile gunia linaloongezewa kilemba cha viazi juu ya mdomo wake huku bei ikibaki ya gunia moja. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa kila gunia, lakini malalamiko ya wakulima hayakukoma. Wakulima wakiandika barua kwa afisi ya serikali wakisema "tumechoka", afisa mwenye kejeli aweza kuwashauri wapumzike. Wakiandika "tumechoshwa na wanunuzi wanaodai lumbesa", wamemtaja mkosaji, na barua inadai jibu.

Ni kweli kwamba neno "tumechoka" likipazwa na umati barabarani lina nguvu isiyohitaji nyongeza. Hapo hasira ya watu huikamilisha sentensi. Karatasi haina umati.

Matumizi ya "kuchoka na" yana wazazi wawili. Wa kwanza ni mazungumzo ya mseto. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, ni makao ya Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya, Wajaluo, Wamaasai na wengineo, na Kiswahili ndicho wanachokutania stendi na sokoni. Lugha ya kukutania haina muda wa kupima viambishi. Mzazi wa pili ni Kiingereza. Mtu aliyezoea kusema "fed up with" hubeba kiunganishi cha mwisho akakigeuza kuwa "na", kisha akatafuta kitenzi cha kukitanguliza.

Usemi huo wenyewe una historia yake. Ulienea katika Kiingereza cha Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hasa midomoni mwa askari. Picha iliyomo ni ya mtu aliyelishwa hadi akashindwa kumeza tonge jingine. Mwanafunzi akiufasiri neno kwa neno atapata "nimelishwa juu", na hakuna Mswahili atakayemwelewa.

La kushangaza ni kwamba Kiswahili kina picha hiyo hiyo tangu zamani, nayo imo katika kitenzi "kinai". Aliyekinai ameshiba kupita haja, hata chakula alichokipenda kinamchefua. "Githeri cha kila siku kimewakinaisha wanafunzi wa bweni" ni sentensi ambayo aliyesoma shule ya bweni hahitaji kufafanuliwa. Kutoka tumboni neno hilo huhamia kwenye mambo: mtu hukinai ahadi za wanasiasa, hukinai porojo za mlevi, hukinai visingizio vya mdeni.

Tahadhari moja tu inahitajika. "Kinai" lina sura nyingine, nayo ni ya sifa njema: kuridhika na ulicho nacho bila kutamani cha mwenzio. Ukisikia kwamba mzee fulani wa Njoro amekinai, sikiliza kinachofuata kabla ya kumwonea huruma. Yamkini anasifiwa.

Usemi mwingine unaovutwa kusikostahili ni "maji yamemfika shingoni". Wapo wanaoutumia kwa mtu aliyekasirishwa na jambo dogo, kama matatu iliyochelewa. Maana yake ni kuwa katika shida kubwa isiyo na njia rahisi ya kutokea. Wakazi wa mtaa wa Kihoto mjini Naivasha wanaujua usemi huo kuliko wengi. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika na kuingia majumbani, familia zilihama zikiacha vyumba vikiwa vimejaa maji. Kwao tamathali ilikuwa karibu kuwa taarifa ya kawaida.

Hatari zaidi, hata hivyo, ni kuchanganya kuchoshwa na kukata tamaa. Kijana aliyehitimu ualimu, akaomba kazi mara nyingi asiajiriwe, huandikwa upesi kwamba "amekata tamaa" au "ametamauka". Pengine sivyo. Aliyekata tamaa ameacha kuomba. Vyeti vyake vimefungiwa sandukuni. Aliyechoshwa bado anaomba, ila anaomba akinung'unika. Mwandishi anayemtangaza wa pili kuwa wa kwanza amemzika mtu angali hai, na afisa atakayesoma habari hiyo huenda akadhani hakuna tena anayesubiri jibu lake.

Mwanafunzi anayejiandaa kwa karatasi ya pili ya Kiswahili, 102/2, anaweza kuyapima maneno haya katika kisa kimoja. Na achukue msongamano wa magari wa msimu wa Krismasi katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru. Katika saa ya kwanza abiria waliudhika. Ya pili, mtoto wa kiti cha nyuma alipokuwa angali analia, walikereka. Ya tatu, walichoshwa na madereva waliotanua na kuunda safu ya tatu palipokuwa na nafasi ya mbili. Jua lilipotua, waliokuwa wakiwahi maziko walitamauka, wakapiga simu kusema wasingojewe. Dereva, aliyekuwa usukanini tangu alfajiri, alikuwa amechoka tu. Na wale walioshuka Kikopey wakaagiza nyama choma, wakaagiza tena, na tena, wakisubiri njia ifunguke, hao ndio waliokinai kwa maana ile ya tumboni.