Damu kwenye mkojo isipuuzwe: Maabara yafichua siri ya kansa ya figo

Mzee mmoja wa miaka 58, mzaliwa wa Kwale aliyehamia Nairobi akiwa kijana, alikuja kwangu akilalamika kuwa mkojo wake unageuka mwekundu siku moja na kutakata siku ya pili. Hakuhisi maumivu yoyote. Alikuwa amekwisha kumeza tembe za kichocho mara mbili, alizopewa katika zahanati moja bila mkojo wake kupimwa.

"Daktari, sisi watu wa pwani tumekulia mtoni. Haya tumeyazoea," aliniambia.

Ni kweli kwamba kichocho huleta damu kwenye mkojo, na pwani yetu inaujua sana ugonjwa huo. Hata hivyo, mtu aliyepita miaka 40 akikojoa damu bila maumivu, haifai kubahatisha. Chanzo sharti kitafutwe. Picha ya altrasaundi ilionyesha uvimbe wa sentimita 5 katika figo yake ya kushoto. Ilikuwa kansa.

Kwa miaka mingi kansa hii iliwashinda matabibu pindi ilipotoka nje ya figo. Dawa za kawaida za kansa, zile zinazowanyonyoa wagonjwa nywele, haziifanyi kitu. Mambo yalianza kubadilika maabarani, na chanzo kilikuwa familia chache zenye ugonjwa adimu wa kurithi.

Mnamo mwaka wa 1904 daktari wa macho wa Ujerumani, Eugen von Hippel, alieleza kuhusu vivimbe vya mishipa ya damu ndani ya jicho. Mwaka wa 1926, Arvid Lindau wa Uswidi alionyesha kuwa vivimbe hivyo na vingine vya ubongo ni ugonjwa mmoja. Mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi, na wengi wa wanaougua hupata kansa ya figo, aghalabu wakiwa bado vijana.

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, walichunguza damu za familia hizo kwa miaka mingi hadi wakaipata jeni yenye hitilafu mwaka wa 1993. Iliitwa VHL, kutokana na majina ya madaktari hao wawili. Kisha likazuka jambo ambalo liliwagusa watu wengi zaidi: jeni hiyo hiyo ilipatikana imeharibika katika aina ya kansa ya figo iliyo ya kawaida zaidi, hata kwa wagonjwa ambao hawakurithi lolote.

Lakini jeni hiyo hufanya kazi gani? William Kaelin, daktari na mtafiti wa Boston, alitambua kwamba vivimbe vya wagonjwa hawa vimejaa mishipa ya damu, na kwamba baadhi yao wana chembechembe nyekundu za damu kupita kiasi. Mwili hufanya mambo hayo unapokosa oksijeni. Mwanariadha anayefanyia mazoezi Iten, ambako hewa ni nyepesi, huongezewa chembechembe hizo na mwili wake mwenyewe, na figo ndizo zinazotoa amri.

Amri hiyo hutoka kwa protini iitwayo HIF, iliyogunduliwa na Gregg Semenza wa Baltimore. Ichukulie kama mpiga kamsa. Oksijeni ikipungua, HIF hupiga kamsa: mishipa mipya iote, chembechembe nyekundu ziongezwe, sukari iletwe. Oksijeni ikitosha, protini ya VHL huikamata HIF na kuipeleka ikaangamizwe. Peter Ratcliffe wa Oxford na wenzake walionyesha uhusiano huo mwaka wa 1999. Watatu hao walituzwa Nobeli ya utabibu mwaka wa 2019.

Sasa jeni ya VHL ikiharibika, hakuna wa kumnyamazisha mpiga kamsa. Seli ya figo huishi kana kwamba inakosa hewa, ilhali imezungukwa na damu yenye oksijeni tele. Huendelea kujiitishia chakula na mishipa hadi inakuwa uvimbe. Mwaka wa 1995 maabara ya Kaelin ilizirudishia seli za kansa ya figo jeni nzima ya VHL, na seli hizo zikashindwa kuotesha vivimbe katika panya.

Ujuzi huo ndio uliozaa dawa. Kuanzia mwaka wa 2005 na 2006, Marekani iliidhinisha sorafenib na sunitinib, ambazo huzuia uvimbe kuota mishipa mipya. Mwaka wa 2021 iliidhinishwa belzutifan, inayomziba mdomo mpiga kamsa mwenyewe. Kwanza ilikuwa ya wale wenye ugonjwa wa kurithi, na mwaka wa 2023 ikaruhusiwa kwa kansa ya figo iliyosambaa. Madhara yake yanathibitisha nadharia yenyewe: wagonjwa wengi hupungukiwa na damu, kwa kuwa amri ya kuiongeza pia imezimwa.

Dawa hizi hupunguza makali na kurefusha maisha, ila ni wachache wanaopona kabisa kwa kuzimeza. Bei zake nazo zinatisha. Uvimbe ambao haujatoka nje ya figo bado tiba yake bora ni kisu cha daktari wa upasuaji, nayo picha ya altrasaundi inapatikana katika miji yetu mingi kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na dawa hizo. Wavutaji sigara, wanene na wenye shinikizo la damu wamo hatarini zaidi.

Mzee wangu alitolewa figo hiyo na anaishi vizuri na iliyobaki. Aliporudi kupimwa shinikizo aliniuliza iwapo wanawe nao wamo hatarini. Nilimjibu kuwa kansa nyingi za figo hazirithiwi. Laiti ingempata akiwa na miaka 30, au ingezishika figo zote mbili, au iwe nduguye aliwahi kuugua, ningewaita wanawe wote wapimwe.

"Ndugu yangu mmoja alikufa akikojoa damu," akasema polepole. "Sisi tulisema ni kichocho."

Wanawe watatu wanakuja Jumatatu.