Kuhamisha Hazina ya Picha na Sauti za Nyumbani

Mwaka 1962 mpiga picha Hugo van Lawick alifika Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ili kupiga filamu za sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall tangu mwaka 1960. Sehemu kubwa ya filamu hizo za milimita 16 ilikaa ghalani kwa miaka mingi bila kutumiwa. Mwaka 2014 zaidi ya saa 100 za filamu hizo ziligunduliwa upya, na kutokana nazo ikatengenezwa filamu iitwayo "Jane", iliyotolewa mwaka 2017. Picha hizo hazikuwa na sauti wala mpangilio, ikabidi zipangwe upya kwa kazi kubwa. Hata hivyo ziliokolewa, kwa sababu filamu ni kitu kinachoonekana kwa macho: iliyochubuka bado huonyesha sura ya kilichopigwa.

Leo familia nyingi za nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, huko Titye na kwingineko, zinaweza kuwa na hazina zao wenyewe: picha za harusi, nyimbo za kwaya, masimulizi ya wazee kwa Kiha yaliyorekodiwa kwa simu. Hazina hizo hutawanyika katika kaseti, kadi za simu na diski za zamani. Ifikapo siku ya kuzikusanya, huhamishiwa katika seva, yaani kompyuta ambayo kazi yake ni kutunza mafaili na kuyatoa kwa watumiaji kupitia mtandao wa nyumba au wa shule. Kazi hii yaonekana nyepesi, lakini ndipo hapo hazina nyingi hupotea.

Kinachohamishwa

Katika kompyuta kila picha na kila sauti ni mfuatano wa tarakimu 0 na 1. Tarakimu moja ya namna hiyo huitwa biti, na biti 8 hufanya baiti moja. Chukua mfano wa sauti iliyorekodiwa kwa kipimo cha santuri ya CD. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na pande za sauti ni mbili. Kwa hiyo kila sekunde huhitaji biti 1,411,200, yaani baiti 176,400. Na saa moja huhitaji takriban megabaiti 635. Diski ya terabaiti moja, yaani megabaiti 1,000,000, yaweza kuchukua takriban saa 1,575 za sauti ya namna hiyo. Filamu huhitaji nafasi kubwa zaidi.

Diski ya kuzunguka huandika biti hizo kwa usumaku juu ya sahani nyembamba. Sahani nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Chombo cha namna hii hakizeeki polepole kama filamu. Chaweza kufanya kazi leo na kesho kisiwake kabisa.

Muda unaohitajika

Ni vema kukadiria muda kabla ya kuanza, maana kazi inayokatizwa katikati ndiyo huzaa makosa. Tuseme hazina ni terabaiti moja. Waya wa mtandao wenye kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde, hivyo kazi yote huchukua sekunde 8,000, yaani saa 2 na dakika 13. Kwa waya wa megabiti 100, muda huwa mara kumi: saa 22 na dakika 13. Kwa intaneti ya simu yenye kasi ya megabiti 10, huhitajika zaidi ya siku 9. Huo ni muda wa chini kabisa. Katika kazi halisi muda huzidi, hasa penye maelfu ya mafaili madogo.

Kunakili si kuhamisha

Kompyuta hutoa amri mbili zinazofanana. Ya kwanza hunakili: faili la zamani hubaki, na jipya huandikwa kando. Ya pili huhamisha: faili likishaandikwa upya, la zamani hufutwa. Mwenye hazina atumie ya kwanza peke yake. Umeme ukikatika, au waya ukichomoka, asili ingali ipo.

Kisa cha NASA, shirika la anga la Marekani, chaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2009 shirika hilo lilieleza kwamba kanda za asili zenye picha za watu wa kwanza kutembea mwezini, mwaka 1969, yaelekea zilifutwa na kutumiwa tena. Kilichosalia ni nakala za matangazo ya televisheni, ambazo ubora wake ni hafifu kuliko ule wa kanda zilizopotea.

Namba ya uhakiki

Basi mtu atajuaje kwamba nakala ni sawa na asili? Kulinganisha ukubwa hakutoshi, kwa kuwa faili laweza kuwa na baiti zilezile kwa idadi na bado kuharibika ndani. Dawa yake ni namba ya uhakiki, ambayo hupatikana kwa kuzifanyia hesabu baiti zote za faili.

Mfano mdogo watosha kueleza. Tuseme faili lina namba nne: 7, 4, 9, 2. Jumla yake ni 22. Lakini zikigeuzwa kuwa 7, 9, 4, 2, jumla bado ni 22, na kosa halionekani. Sasa kila namba izidishwe kwa nafasi yake: 7×1 + 4×2 + 9×3 + 2×4 = 50. Kwa mpangilio wenye kosa: 7×1 + 9×2 + 4×3 + 2×4 = 45. Kosa limefichuka.

Njia zinazotumiwa na kompyuta ni madhubuti kupita hiyo. Mojawapo, iitwayo SHA-256, hutoa jibu la biti 256, ambalo huandikwa kwa alama 64. Biti moja tu ikibadilika katika filamu nzima, jibu lote hubadilika. Namba hizo hukokotolewa kwa kila faili la asili kabla ya safari, kisha hukokotolewa tena katika seva. Zikilingana, nakala ni sahihi. Zisipolingana, faili hilo hunakiliwa upya.

Diski pacha si akiba

Seva nyingi huwa na diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine iendelee. Huo ni mpango mzuri, lakini haukingi kila hatari. Mtoto akifuta picha kwa bahati mbaya, hufutika katika diski zote mbili kwa mara moja. Wakati wa mvua, radi yaweza kuziunguza zote mbili; moto na wizi hali kadhalika. Kwa sababu hiyo watunzaji hushauri nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine. Nyumba ya Titye yaweza kuiweka nakala ya tatu kwa ndugu aliyeko Kasulu mjini, na kuichukua mara mbili kwa mwaka ili kuihakiki na kuongeza mafaili mapya.

Mwisho, kila faili lipewe jina linalojieleza: mwaka, tukio, mahali na jina la msimulizi. Kijana akiisikia sauti ya bibi yake baada ya miaka thelathini bila kujua ni ya nani, urithi huo utakuwa umepotea ingawa kila biti ipo. Asili nazo zisifutwe mpaka nakala zote tatu zimekwisha kuhakikiwa.

Zoezi: Kwa kutumia kanuni ya nafasi iliyoelezwa hapo juu, tafuta mpangilio mwingine wa namba 7, 4, 9, 2 ambao pia hutoa 50. Je, jibu lako laonyesha udhaifu gani wa kanuni hiyo?