Mbwa Machachari Anataka Kazi, Si Mnyororo

Katika vituo vinavyookoa mbwa, anayekawia kupata mwenyewe mara nyingi si mgonjwa wala mkali. Ni kijana wa mwaka mmoja hivi, machachari, anayemrukia kila mgeni, anayevuta kamba na kutafuna viatu. Wageni humpita wakachagua mtoto wa mbwa aliyejikunyata pembeni. Naamini wanakosea, na naamini mashamba ya Fort Ternan, kule kati ya Londiani na Muhoroni, yangemfaa mbwa huyo kuliko nyumba nyingi za Nairobi zenye ukuta mrefu na geti la chuma.

Wingi wa nguvu zake si tabia mbaya. Katika umri huo mwili umeshakomaa na utulivu bado haujafika, na mbwa wa kienyeji ametokana na vizazi vilivyoshinda na wafugaji malishoni na kubweka usiku bomani. Ukimfunga mchana kutwa, nguvu zile zitatokea penginepo: atachimba, atabweka ovyo, mwishowe huenda akauma. Utafiti uliofanywa Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, uliwalinganisha mbwa waliouma watu na wasiouma. Uwezekano wa mbwa kuwa miongoni mwa waliouma ulikuwa karibu mara tatu kwa wanaofungwa mnyororo uani. Wasiohasiwa nao walionekana kuuma zaidi. Ni kweli wengine hufungwa kwa sababu tayari ni wakali, kwa hiyo lawama zote haziwezi kuwekwa kwenye mnyororo. Lakini hakuna anayeweza kudai kwamba mnyororo unamtuliza mbwa. Mkulima wa Fort Ternan huamka alfajiri kukamua, hupeleka maziwa, huchunga, hupalilia kahawa au miwa mlimani na mabondeni. Mbwa anayeandamana naye hurudi amechoka, na mbwa aliyechoka hufundishika. Wiki za kwanza atembee kwa kamba ndefu, azoee kuku, ndama na watoto, ajue mpaka wa shamba. Asiyekuwa na subira ya wiki hizo asimchukue.

Wapo watakaoniuliza kuhusu kichaa cha mbwa, na wana haki. Ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu wapatao 2,000 nchini Kenya kila mwaka, wakiwamo watoto wengi, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ila hofu hiyo inatetea hoja yangu. KSPCA, chama cha ustawi wa wanyama kilichoanzishwa 1910 na chenye kituo Karen, Nairobi, huchanja na kuhasi mbwa kabla ya kuwatoa. Hatari kubwa iko kwa mbwa wasiochanjwa. Kuwatilia sumu hakujawahi kuumaliza ugonjwa, kwa kuwa wengine huzaliwa haraka na kujaza nafasi. Unaokomesha maambukizi ni uchanjaji wa angalau asilimia 70 ya mbwa wote, unaorudiwa kila mwaka. Mkakati wa taifa wa kuutokomeza ifikapo 2030 umejengwa juu ya hesabu hiyo.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: kwa nini mtu wa Fort Ternan atoe mbwa Nairobi wakati mbwa koko wamejaa sokoni kwao? Sina jibu la kulikwepa, wala sihitaji. Kipimo ni kilekile. Mbwa koko kijana wa pale pale, akichanjwa, akahasiwa na kupewa ng'ombe wa kufuata, amepata nyumba sawa na yule wa Karen. Kinachotakiwa ni mahali pa kumpokea, kumtibu na kumpima tabia kabla hajakabidhiwa mtu, na gharama hiyo haifai kumwangukia mkulima peke yake. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, leseni za mbwa, na mahali pa kuwahifadhi na kuwatunza. Wakazi wa Fort Ternan, mkiitwa kutoa maoni juu ya bajeti ya Kaunti ya Kericho, ulizeni ni kiasi gani kimetengwa kwa kazi hiyo, na mdai chanjo ya kila mwaka ifike hadi kwenu.